Mguu wa Kulia

Nimegeuza risiti ya dizeli, upande usioandikwa,
nikaanza hesabu ya likizo yetu, Nzaro.
Kalamu inateleza pale penye alama ya kidole chako.

Siku sita. Lamu.
Juzi uliniuliza kwa simu, ukiwa Mtito,
injini ikikoroma nyuma ya kila neno:
"Na gari nitaliegesha wapi?"
Nikakwambia hakuna gari. Ukanyamaza
kama mtu aliyeambiwa asafiri bila meno.

Tutapanda basi, kama watu.
Nimeomba viti vya safu ya tisa, mbali na dereva,
maana nakujua: ukikaa mbele utamwendeshea,
utakanyaga breki isiyokuwepo mpaka Garsen,
utamhukumu kona kwa kona mpaka Witu.
Wewe utakaa dirishani.
Miaka ishirini na sita umeitazama lami;
kandokando yake kuna nini, hebu niambie?

Mokowe lami inaishia majini.
Tutashuka, tutavuka kwa boti,
mia na hamsini kwa kichwa, sanduku bure
ukimsalimia nahodha vizuri.

Nimezungumza na Bi Rukaiya, mwenye chumba, Mkomani.
Ngazi ishirini na nane, choo ndani, chandarua kizima.
Anasema kichochoro chao ni chembamba:
wanene wawili wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume.
Nikamjibu, mume wangu hurudisha trela
katika ua wa kinu cha unga pale Mariakani
bila kugusa ukuta. Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akanipa sheria.
Mwenye njia ni punda.
Hana honi, hana kioo cha pembeni,
ana mtoto nyuma yake anayepaza "Pisha!"
Ukisikia hivyo, bana tumbo ukutani
mzigo wa mchanga upite.
Huyo huyo ndiye atakayetubebea begi.

Chakula nimekipigia hesabu ya chini:
asubuhi mkate wa kumimina,
jioni viazi karai pale Langoni,
samaki mara mbili, ya tatu tukibakiwa na hela.
Siku ya pili tutakwenda Shela kwa miguu, maji yakitoka,
taratibu, dakika hamsini, hata saa nzima.
Daktari alisema tembea.
Mguu huo umezoea kukanyaga, si kwenda.

Katana anatucheka: "Baba? Yule anayewasha gari
kwenda kununua kiberiti?"
Mwache. Yeye halali kitandani mwetu.

Mimi ndiye unayenikanyaga muundi saa nane za usiku.
Najua ulipofika kwa uzito wa kisigino.
Ikiwa kidogokidogo, hiyo ni foleni ya Mlolongo.
Ikiwa moja, ndefu, ya kutetemeka,
kitanda kikasogea mpaka ukutani,
huo ni mteremko wa Salgaa,
na mbele yako ni taa za Mwadzombo.

Mwaka wa tatu huu. Jina lake hujalileta nyumbani.
Unaleta mananasi, unaleta viazi vya Molo,
unaleta habari za mizani na askari wake.
Nami nakuuliza mambo ya maana kwa simu,
nawe unasema, "Ngoja, nalipita lori,"
na lori hilo, Nzaro, halijaisha kupitwa.

Kwa hiyo siku ya nne nimeiacha tupu.
Si kwamba nimesahau.
Tutazunguka tu vichochoroni, tupotee, tuulize, tupotee tena.
Ukitaka kumtaja, mtaje,
kule hakuna injini ya kukufunika sauti.
Usipotaka, mimi nitahesabu punda
na wewe utaniambia nimekosea.

Jumla iko chini, nimeizungushia duara.
Inazidi mfuko wetu kwa elfu mbili na kidogo;
mbuzi yule mweusi anaijua siri hiyo.

Ndara nimeshakununulia, nambari arobaini na tatu.
Ya kulia nimeilegeza kamba.